Chokaa ya Upande wa Kurudi

Mume wangu alinipata kwa chokaa. Shoga zangu wanapohadithia jinsi walivyopatikana, kuna maua, kuna mishumaa mezani, kuna kijana aliyepiga gitaa. Mimi nikisema chokaa wanacheka mpaka wanashika mbavu. Huwaacha wacheke, maana ndio ukweli wenyewe.

Ilikuwa katika darasa la Kiingereza, chuo cha ufundi pale Campbelltown, pembezoni mwa Sydney. Mwalimu alitaka kila mmoja aeleze alikotoka. Akasimama kijana mfupi mwenye nywele nyeusi tii, akaeleza mji mdogo wa kaskazini mwa Paraguay, kando ya mto mpana ambao ng'ambo yake ni Brazili. Alisema mji wao unaishi kwa chokaa. Watu wanavunja mawe mlimani, wanayachoma kwenye matanuri, na vumbi lake linakaa juu ya mapaa, juu ya majani ya miti na juu ya nguo zilizoanikwa, hata mkate unakuwa na ladha yake. Nyuma ya mji, akasema, kuna mapango.

Nilikaa pale nikahisi kuna mtu ameniibia insha. Mimi ni mtoto wa Tanga. Baba yangu alichoma chokaa maisha yake yote, na mapango ya Amboni tulikuwa tukiyaendea kwa miguu kama watoto wengine wanavyokwenda uwanja wa mpira. Zamu yangu ilipofika sikuwa na la kusema, maana alikwisha kumaliza vyote. Nikabaki na bahari, nikaieleza bila hamu.

Wakati wa mapumziko nilimfuata ili nimshinde. Nikamwambia pango letu ni refu mpaka linatokea Mombasa, mbwa aliwahi kuingia huku akatokea kule. Akasema lao halitokei popote, ndiyo maana lazima ujue kurudi. Baba yake alimfundisha tangu mdogo: unaingia na donge la chokaa mbichi, na kila penye kona unapiga kiganja kimoja kwenye mwamba. "Unakipiga upande ambao utakutazama ukiwa unarudi," aliniambia. "Kuingia hata mjinga anaweza." Nilimwona ana nyodo. Tulioana hata hivyo, tukapata binti mmoja.

Mama mkwe alikuja Sydney baada ya baba mkwe kufariki. Watoto wake wengine walikuwa wametawanyika, huyu Asunción mji mkuu, yule Ajentina, na mji wenyewe ulipungukiwa watu tangu mashine zilipoanza kufanya kazi ya mikono. Alitoka uwanja wa ndege na sanduku dogo na kibuyu cha kinywaji chao, majani machungu wanayoyafyonza kwa bomba la chuma. Kinywaji chenyewe kinaitwa mate, na naomba usicheke, mimi nilikwisha kucheka kwa niaba yetu sote. Nilikuwa nimepika kama kuna harusi. Alikula kidogo, akanishika mkono, akasema maneno ambayo sikuelewa hata moja. Yeye husema Kiguarani. Kihispania anakivaa kama nguo ya kanisani, na mimi wakati ule nilijua kusalimia na kuhesabu tu.

Nyumba yetu ya kupanga ina ua unaoteremka mpaka kwenye kijito. Si kijito cha kujivunia, wakati wa joto unakivuka bila kuvua viatu, ingawa ukingo wake umechongoka na una mawe. Lakini kina sauti, kina miti mirefu, na kasuku weupe huja kugombana hapo jua linapochomoza. Mama mkwe aliweka kiti cha plastiki karibu na ukingo. Kila alfajiri alishuka na chupa ya maji ya moto na kibuyu chake, akakaa mpaka jua lipande. Ndani ya nyumba alikuwa mgeni. Alikaa kwenye ncha ya kiti, na kabla ya kufungua friji alinitazama kwanza. Kule chini alinyoosha miguu.

Siku nisizokuwa kazini nilimfuata. Alinijazia kibuyu, nikanywa, nikamshukuru kwa Kihispania kama nilivyolelewa, naye akakichukua na asinipe tena. Ikawa hivyo kila mara. Nikasema moyoni, huyu mama hanipendi. Nilinuna hadi mume wangu alipogundua na kucheka: kwao mtu hushukuru akiwa ametosheka, anayetaka zaidi hurudisha kibuyu kimya. Mimi niliyefundishwa kushukuru hata kwa maji ya kunawa, nikajifunza kunyamaza. Tangu hapo tulikunywa pamoja mpaka tumbo likawa chungu.

Jumapili mume wangu naye alishuka, na hapo ndipo mama mkwe alipohadithia, yeye akitafsiri. Alihadithia matishari ya saruji yakiteremka mtoni polepole. Alihadithia wanaume wakitoka kwenye matanuri weupe toka utosini mpaka vidoleni, mke asimtambue mumewe mpaka acheke. Alihadithia mapango, jinsi watoto walivyojificha humo siku za joto kali. Na alihadithia njia ya kushukia mtoni, ambayo wanawake walipita kabla ya mapambazuko na masinia kichwani, mikate ya unga wa muhogo ya kuwauzia wapakiaji. Njia ile ilikuwa na mawe yaliyopakwa chokaa kila upande mpaka majini. Kila mwaka kabla ya sikukuu ya mtakatifu wao mji mzima ulitoka na ndoo kupaka upya, mawe, mashina ya miti, hata makaburi.

Nikadakia, hata sisi! Shuleni kwetu mkuu wa wilaya akitangaza kuja, masomo yalisimama, tukapaka mawe kuanzia getini mpaka ofisi ya mwalimu mkuu. Upande wa mbele tu, maana mwalimu wa zamu alisema mgeni anakuja kwa gari, huo upande wa nyuma atauona nani? Mama mkwe alipotafsiriwa alicheka mpaka akapaliwa, tukampigapiga mgongo.

Kisha macho yakaanza kumsaliti. Daktari alisema ni presha ya macho, kwamba kilichokwenda hakirudi, na matone anayopewa ni ya kulinda kilichobaki. Kilichobaki ni kujua mwanga na giza, na kuona cheupe kikiwa juu ya cheusi. Ngazi, kizingiti, mzizi wa mti, vyote hivyo vilikuwa ukungu mmoja. Hakutuambia jinsi ilivyokuwa mbaya. Tulijua asubuhi aliyoanguka kwenye ngazi za uani akavunjika kifundo cha mkono.

Mume wangu ni mpole. Sijamsikia akipandisha sauti hata timu yake inapofungwa. Siku ile tuliporudi kutoka hospitali alifunga mlango wa nyuma kwa ufunguo, akauweka ufunguo juu ya friji ambako mama yake hafiki, akasema hatoki tena bila mtu. "Safari nyingine itakuwa nyonga," aliniambia. "Akivunjika nyonga tutamzika." Nilimwelewa. Baba yake alifariki yeye akiwa huku, anaendesha foklifti ya kunyanyulia mizigo katika ghala la Wetherill Park, na hakuwahi maziko. Huyu ndiye aliyebaki.

Shida ni kwamba alfajiri hapakuwa na mtu. Mume wangu huondoka kabla hakujapambazuka, mimi huwa nimo njiani kwenda au kurudi zamu, na binti yetu, huyo hata ukimpigia ngoma sikioni haamki. Basi mama mkwe akawa anavuta kiti cha jikoni mpaka mlangoni na kukaa hapo na kibuyu chake, uso kwenye kioo, akisikiliza kasuku wa upande wa pili. Hakulalamika. Ingekuwa mimi ningevunja kioo. Yeye alipunguza kula, kisha akapunguza kusema, kisha siku moja akasema anataka kurudi kwao.

Kurudi kwa nani? Nyumba imefungwa, jirani aliyeachiwa funguo mwenyewe anashikwa mkono kwenda kanisani. Hapo mume wangu akaleta neno jingine, nyumba ya kulelea wazee. Alisema huko kuna wauguzi, kuna bustani, kuna watu mchana kutwa.

Mimi nafanya kazi katika nyumba kama hiyo, upande wa Parramatta. Ni kazi ya heshima na wenzangu wana moyo. Lakini naujua ule mlango unaofunguka kwa namba ya siri. Najua wazee wanavyokuja kuusimamia jioni wakabonyeza namba yoyote waliyonayo kichwani, siku aliyozaliwa mtoto, namba ya nyumba ya zamani. Huwashika mkono nikawarudisha kwa maneno matamu. Sikutaka mtu amrudishe mama mkwe wangu kwa maneno matamu, tena kwa lugha asiyoijua.

"Hapana," nilimwambia mume wangu.

"Basi nipe njia nyingine. Ambayo haanguki na hafungiwi. Nipe, nitaishukuru."

Sikuwa nayo. Tukalala tumegeuziana migongo.

Njia ililetwa na unga. Siku hiyo nilikuwa naanika nguo, mlango uko wazi, simu ikaita nikaingia ndani. Nilipotoka nikakuta ngazi zimejaa unga wa muhogo, ule mweupe laini wa kupikia mikate yao, ambao naupandia treni kuufuata. Hasira zangu ziko karibu, hazina safari ndefu. Nikamwita binti yangu kwa jina lake lote. Yeye Kiswahili anakisikia vizuri lakini hujibu kwa Kiingereza, na akikasirika Kiingereza chake hunyooka zaidi. Akaapa hajagusa unga wa mtu. Nikashika ufagio huku nikiendelea kugomba.

Nilipoinama ndipo nilipoona. Unga ukimwagika hutawanyika. Huu ulikwenda kwa mstari, ukingoni mwa ngazi ya juu, ukingoni mwa iliyofuata, na ya chini yake nusu tu. Hapo mkono ulikuwa umeishiwa, au moyo. Nikageuka. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni, plasta ya mkono imejaa unga mpaka kwenye vidole, kichwa ameinamisha, akingoja nimalize kugomba.

Nikaweka ufagio chini, nikakaa kwenye ngazi nikalia. Binti yangu alidhani ni kwa ajili ya unga, akaniambia atanunua mwingine.

Unga huliwa na chungu na huondoka na umande. Kilichotakiwa ni chokaa, na watu wawili waliokulia ndani ya chokaa walikuwa hapo hapo ngazini. Nikampigia simu jirani yangu Mkongomani, ninayesali naye, ambaye mumewe alikuwa fundi wa lipu kabla mgongo haujamkataza.

"Iko mufuko muzima mu garage, mama, bwana hatumiake tena," alisema. "Sasa weye unataka kujenga nini mu nyumba ya watu?"

"Sijengi. Napaka mawe."

"Mawe? Aya. Kila mutu na mambo ya kwao."

Tukapanga Jumamosi, mume wangu akiwa kazini. Nilimpaka mama mkwe mafuta ya kula mikononi na usoni, kama baba alivyotupaka sisi, ili chokaa isimle ngozi, nikamvisha miwani ya jua ya mwanawe. Alikuwa kama msanii maarufu anayejificha. Nikakoroga chokaa kwenye ndoo kwa kijiti cha ufagio, nikatia chumvi ya kuishikisha, nikaona kazi imekwisha. Yeye akachovya kidole, akakisugua na kidole gumba, akatikisa kichwa. Akasema neno. Nikamletea maji, akatikisa kichwa. Nikamletea gundi ya shule ya binti yangu, akaisukuma. Akarudia kusugua vidole, safari hii akivitenganisha polepole kama anavuta uzi. Gundi si yenyewe, yai si lenyewe. Nilikuwa karibu kukata tamaa nilipoutambua uzi ule. Ni mlenda!

Nilikuwa na bamia kwenye friji. Nikazichemsha mpaka zikatoa ute wote, nikachuja, nikamsogezea sufuria. Alichovya kidole, akakinyanyua, uzi ukafuata. Uso wake ulifunguka. Baadaye niliambiwa kwao hutumia ute wa dungusi, ule mmea wa miiba, na kwamba chokaa bila ute ni vumbi tu linalongoja mtu aliguse. Tukamimina maji ya bamia ndani ya ndoo, nikabakiza bamia chache kwa ndoo ya pili.

Njia aliichora yeye. Alivua viatu, akanishika bega, akashuka akipapasa ardhi kwa nyayo, na kila alipogonga chini kwa kisigino nilijua jiwe linakaa hapo. Nilibeba mawe kutoka kijitoni, binti yangu akabeba madogo, na mama mkwe akayazungusha kwa mkono wake mzima mpaka yakatulia. Kisha nikapaka. Chokaa mbichi ukiipaka ni kama umepaka maji, huoni kitu. Binti yangu alisema haifanyi kazi, tuongeze. Mimi na bibi yake tukakaa kwenye majani, tukanywa kibuyu chetu kimya kimya, tukangoja. Jua lilipoanza kuikausha weupe ukatokea wenyewe, jiwe baada ya jiwe. Mtoto akafungua kinywa, akaenda kumwambia bibi yake kwa Kiingereza kwamba huu ni uchawi.

Wenye chokaa hatujui kuacha. Tulipaka kingo za ngazi, mashina ya miti, nguzo ya kamba ya nguo, na bomba la maji ambalo halikumkosea mtu. Wakala wa nyumba alipokuja kukagua, baadaye sana, alipiga picha na kuuliza ni ya nini. Mume wangu alimjibu kwa utulivu kwamba ni kinga ya mchwa, naye akaandika akaenda zake.

Alasiri bamia zilikwisha, na kiuno changu hakikuwa tena upande wangu. Vizuri kwamba tangu asubuhi nilibana matumizi, mashina na mawe nikayapaka upande wa mbele tu. Nikaenda kusimama dirisha la jikoni kukagua kazi. Njia ilishuka nyeupe kutoka ngazini mpaka kwenye kiti cha plastiki. Ilinipendeza mpaka nikapiga picha nikamtumia dada yangu Tanga, akanijibu kwa kuniuliza ni mkuu gani wa wilaya anakuja.

Mume wangu aliporudi alisimama ngazini na begi begani. Mama yake alimsemesha haraka haraka, akimshika mkono na kumwonyesha. Yeye alijibu neno moja. Jikoni akaniambia, "Ni nzuri. Imenikumbusha mbali. Lakini ufunguo unabaki pale ulipo, chokaa haimshiki mtu mkono."

Jumapili alfajiri, mume wangu bado amelala, nilipanda stuli nikauchukua ufunguo. Sikuomba ruhusa. Nilifungua mlango, nikamwekea mama mkwe chupa na kibuyu mkononi, nikarudi nyuma.

Alisimama ngazi ya juu akinusa hewa. Kisha akashuka. Mguu ukafuata ukingo mweupe, ukakanyaga, mwingine ukafuata. Alipofika kwenye mawe mwendo ukawa wa mtu anayejua aendako. Alipita mti wa kwanza, wa pili, wa tatu, akafika kwenye kiti, akakipapasa, akakaa. Akanyoosha miguu. Kasuku wakaja wakaanza fujo zao. Mimi dirishani nilikuwa nimeshika kinywa, nina furaha hata nikataka kwenda kumwamsha mume wangu nimwonyeshe. Sikwenda. Nikabandika mafuta nikaanza kukaanga maandazi, nikiimba.

Nilipotazama tena, alikuwa amesimama. Amegeuka, chupa kwapani, mkono wenye plasta umetangulia mbele. Alipiga hatua, akasita. Akageuza kichwa huku na huku. Akapiga nyingine, kuelekea ukingo wa kijito. Nilifungua kinywa nimwite, lakini ningemwita kwa lugha gani, na akishtuka je? Kabla sijafika mlangoni mume wangu alinipita kama upepo, peku, na nguo za kulalia. Alimfikia akamshika mabega. Alikuwa amebakiza kidogo sana.

Alimleta ndani, akamkalisha. Mama mkwe akakificha kibuyu kwenye khanga niliyompa.

"Nani alifungua?" mume wangu aliuliza, ingawa alijua.

"Mimi."

Alinitazama kwa huzuni. Maandazi yalikuwa yanaungua nikayaacha yaungue. Nilijua kilichokwisha. Kesho angepiga simu nyumba ya wazee kuuliza nafasi ya mzee mmoja, nami nisingekuwa na uso wa kumzuia. Nilimwonea huruma, nikamwonea huruma mama yake zaidi, na nafsi yangu nikaichukia.

Alitoka nje. Dirishani nilimwona akishuka kwa njia ile ile mpaka kwenye kiti. Akasimama pale aliposimama mama yake, akageuka akatazama nyumba. Alikaa hivyo muda mrefu. Kisha akaniita kwa mkono.

Nilishuka nikidhani tunakwenda kugombana mahali ambapo mama hatasikia. Alinishika mabega akanigeuza. "Unaona nini?"

Niliona mashina meusi. Niliona mawe ya kijivu yenye ukungu, na huko juu ngazi, kila moja imetuonyesha paji lake lisilo na kitu. Weupe wote tuliouhangaikia ulikuwa upande wa pili, unaitazama nyumba. Toka pale chini hapakuwa na njia kabisa.

"Umempakia mgeni," alisema. "Mkuu wa wilaya wako. Mtu anayekuja kwa gari."

"Na yeye hakuweza kuona kwamba nimekosea," nilisema, na hapo nikalia tena. Ilikuwa wiki ya kulia.

Nilingoja aseme kuhusu simu. Badala yake aliinama, akapitisha kiganja nyuma ya jiwe moja, sehemu iliyo tupu. "Kila kona baba alinirudisha nyuma hatua moja," alisema. "Anasema, geuka, simama kama unatoka, sasa paka. Nilikuwa nachukia. Nilitaka kwenda mbele." Akajifuta mkono kwenye suruali ya kulalia. "Chokaa imebaki?"

"Ipo. Bamia ndiyo zimekwisha."

"Bamia za nini?"

Nikamweleza. Akasema chumvi itatosha, hana subira ya mboga. Akachanganya ndoo mwenyewe, akashuka mpaka kwenye kiti, akageuka, akaanza kupaka kutoka chini kupanda juu, akirudi hatua moja kila mara kutazama. Mama mkwe alikuwa amekuja mlangoni aliposikia ndoo. Nadhani aliijua sauti ya brashi. Alikaa kwenye kizingiti muda wote, akigeuza uso kuifuata kazi inavyomkaribia. Mume wangu alimaliza na nyuso za ngazi, akiwa amepiga magoti mbele ya miguu ya mama yake.

Jumatatu hakwenda kazini. Alisema ana mafua, na mimi nikamwitikia kwamba anaonekana ana mafua kweli. Alfajiri aliuchukua ufunguo juu ya friji, akauchomeka mlangoni, akauacha humo.

Mama yake alishuka. Tulisimama dirishani, sisi wawili, tumeshikana mikono kama siku ya harusi. Alikaa kwenye kiti chake akanywa mpaka jua likagusa nguzo ya nguo. Kisha akasimama. Akageuka. Mume wangu aliacha kupumua, nilisikia. Mama alikaza uso kuelekea kwetu, akangoja, kama mtu anayengoja aliyemwita ajitokeze. Halafu akaja. Mti wa kwanza aliugusa kwa kiganja akaupita. Wa pili akaugusa. Mawe yakamleta. Kwenye ngazi aliinua mguu palipotakiwa kuinuliwa, tena na tena, mpaka akafika mlangoni, akafungua mwenyewe, akaingia jikoni na baridi ya asubuhi kwenye khanga.

Akatunyooshea kiganja. Kilikuwa cheupe chote. Akasema maneno kwa Kiguarani, kwa ukali, na mume wangu akainama akaficha uso mikononi, mabega yakimtikisika.

"Anasemaje?" niliuliza. "Niambie anasemaje."

"Anasema miti imepakwa vibaya. Inaachia. Anauliza ni mpumbavu gani amepaka chokaa bila ute."

Akajifuta macho, akachukua ndoo, akatoka. Mimi nikaenda kutafuta bamia.